Kabla Hujakata Bomba, Zitazame Ncha Zake

Karibu kila anayejaribu kutengeneza filimbi kwa mara ya kwanza huanza na urefu. Huchukua kipande cha mwanzi, au lile bomba la plastiki linalopitishiwa waya za umeme ukutani, akapima kwa rula, akakata, akapuliza, halafu akabaki kushangaa kwa nini sauti imetoka nyingine. Urefu una kazi yake na tutaufikia. Lakini lipo swali linalotangulia, na ukilikosea hakuna rula itakayokuokoa: bomba lako limezibwa wapi, na liko wazi wapi? Mabomba mawili ya urefu mmoja na unene mmoja, yaliyokatwa kwenye fimbo moja, hutoa sauti zilizoachana kwa karibu oktavo nzima ikiwa moja limezibwa chini na jingine limeachwa wazi.

Lijaribu jambo hili kabla hujaendelea kusoma. Tafuta bomba la sentimita 16 hivi, lenye upana wa kuingia kidole. Lisimamishe chini ya mdomo, ziba tako lake kwa kiganja, kisha pitisha pumzi juu ya ukingo wake kama mtoto anavyopuliza chupa tupu. Utasikia sauti ya chini, tulivu. Sasa ondoa kiganja huku ukiendelea kupuliza. Sauti itaruka juu, kutoka do hadi jirani kabisa na do ya juu. Haitafika kamili, itapungua kidogo, na upungufu huo mdogo ndio unaoharibu kazi ya mafundi wengi. Nitaurudia, kwa sababu una hesabu yake.

Kwanza tuelewe kinachotokea humo ndani. Pumzi inapogonga ukingo, husukuma mgandamizo mdogo wa hewa uingie bombani. Kwenye joto la nyuzi 27, mgandamizo huo husafiri mita 347 kwa sekunde. Ukifika kwenye ncha iliyozibwa hauna pa kutokea. Hewa hurundikana pale ukutani na kurudi ikiwa vilevile, mgandamizo. Ukifika kwenye ncha iliyo wazi, hewa hufyatuka nje, hupitiliza, na kuacha nafasi nyuma yake. Kinachorudi ndani ni upungufu wa hewa. Ncha iliyo wazi hugeuza. Ncha iliyozibwa hairudishi ila kile ilichopokea.

Sasa fuata safari kwa kidole. Katika bomba lililo wazi pande zote mbili, mgandamizo hushuka, hurudi ukiwa upungufu, hugeuzwa tena mdomoni na kuwa mgandamizo. Mzunguko umekamilika kwa urefu wa bomba mara mbili. Katika bomba lililozibwa tako, mgandamizo hushuka, hurudi ukiwa mgandamizo, hugeuzwa mdomoni kuwa upungufu, hushuka tena, hurudi ukiwa upungufu, ndipo mdomo unapougeuza kuwa mgandamizo kama ulivyoanza. Hapo safari ni urefu mara nne. Safari ikiwa ndefu maradufu, mitetemo kwa sekunde hupungua kwa nusu, na sauti hushuka oktavo moja. Mwanafunzi aliyeielewa safari hii hana haja ya kukariri kanuni. Ataziandika mwenyewe: kasi ya sauti ugawe kwa urefu mara mbili kwa bomba lililo wazi, na kwa urefu mara nne kwa lililozibwa.

Pumzi yako inafanya kazi ya mtu anayesukuma bembea: kila mgandamizo unaporudi mdomoni kwa wakati wake, pumzi huuongezea nguvu. Mawimbi yanayokwenda na yanayorudi hukutana, na mkutano wao hujenga wimbi lililosimama. Kuna mahali bombani ambapo hewa haisogei hata kidogo, panaitwa nodi, na mahali inapokwenda na kurudi kwa nguvu zote, panaitwa antinodi. Penye ukuta pana nodi, maana hewa haiwezi kupenya. Penye uwazi pana antinodi.

Hapa nina ombi kwa walimu wenzangu wa fizikia. Ile michoro ya kitabuni, yenye mistari miwili iliyopinda ndani ya bomba, imewapotosha vijana wengi. Wanadhani hewa hupanda na kushuka kati ya kuta kama kamba inayochezwa. Hewa ndani ya bomba husogea kwa urefu wa bomba, mbele na nyuma. Mstari uliopinda unaonyesha tu ni kiasi gani inasogea katika kila sehemu. Waambie pia kwamba pale hewa isiposogea ndipo shinikizo linapobadilika kuliko kwingine kote, na kwamba mtu akichora shinikizo badala ya mwendo, nodi na antinodi zitabadilishana mahali. Kijana asiyeambiwa hayo akikuta vitabu viwili vinapingana atadhani kimoja ni cha uongo. Mwaka 1866 August Kundt, Mjerumani, alimwaga unga mwepesi ndani ya bomba la kioo na kuupigia sauti. Unga ukajipanga kwa vituo vyenye umbali sawa, kila mtu akaviona kwa macho. Ukipata bomba la plastiki linaloonyesha, spika ndogo na unga mwepesi sana uliokauka vizuri, onyesho hilo linawezekana darasani, na litafundisha kuliko ubao.

Ncha ndizo zinazoamua pia ni sauti gani nyingine bomba litakubali kutoa juu ya ile ya msingi. Bomba lililo wazi pande zote hukubali hamoniki zote: mara mbili ya mitetemo ya msingi, mara tatu, mara nne, na kuendelea. Bomba lililozibwa upande mmoja lina sharti gumu zaidi, maana lazima liwe na nodi ukutani na antinodi mdomoni. Mara mbili haikubaliki. Mara tatu inakubaliwa, mara nne inakataliwa, mara tano inakubaliwa. Kwa mwanakwaya nitasema hivi: kaza pumzi kwenye bomba lililo wazi, nawe utatoka do ukaenda do ya juu. Kaza pumzi kwenye lililozibwa, utairuka do ya juu na kutua kwenye so iliyo juu yake. Hiki ni kipimo kizuri cha bomba usilolijua: puliza polepole, kisha kwa nguvu, usikilize linarukia wapi.

Usidanganywe na umbo la nje, hata hivyo. Filimbi ya kupulizwa ubavuni, kama chivoti ya Wadigo, ina kizibo karibu na tundu la kupulizia, na wengi huihesabu kuwa bomba lililozibwa. Lakini tundu lenyewe liko wazi hewani, na wimbi hulihesabu hilo. Kwa hiyo ni bomba la wazi, nayo huruka kwa oktavo. Nai, ile filimbi ya mwanzi ya Kiarabu iliyofika hadi kwenye taarabu ya Zanzibar, iko wazi pande zote. Klarineti iko kinyume: unaipuliza ndani, ungedhani ni wazi, lakini ulimi wake wa tete huacha upenyo mdogo mno, na wimbi huuona kama ukuta. Ndiyo maana klarineti na filimbi ya okestra, zote za sentimita 65 hadi 70, hazilingani hata kidogo kwa chini: filimbi huishia kwenye mitetemo 262 kwa sekunde, klarineti hushuka hadi 147.

Tuje kwenye kukata. Nakushauri uanze na mabomba yaliyozibwa, seti ya kupuliza kama ile enkwanzi ya Busoga, kwa sababu kila bomba lina sauti moja na kosa lake hurekebishika. Tafuta bomba la umeme lenye kipenyo cha ndani cha milimita 16. Pima la ndani, maana namba iliyopigwa muhuri kwenye bomba kwa kawaida ni ya nje. Tuchukue do iwe mitetemo 523, ile ambayo kwenye kinanda huitwa C. Kasi 347 ugawe kwa mara nne ya 523: unapata milimita 166.

Usikate 166. Wimbi haliishii kwenye ukingo wa bomba; hewa inayofyatuka nje huendelea kusogea kwa pamoja umbali mdogo ndipo igeuke. Kwa sikio, bomba ni refu kuliko rula inavyosema. Ziada hiyo, kwa ncha iliyo wazi isiyo na kizingo, ni karibu 0.6 ya nusukipenyo. Wanafizikia Levine na Schwinger waliikokotoa kikamilifu mwaka 1948 wakapata 0.61. Kwa bomba letu ni milimita 5 kasoro kidogo, kwa hiyo do ni 161. Zinazofuata, zikipimwa ndani kutoka ukingo hadi kizibo, ni 143 kwa re, 127 kwa mi, 119 kwa fa, 106 kwa so, 94 kwa la, 83 kwa ti, na 78 kwa do ya juu.

Itazame hiyo ya mwisho. Nusu ya 161 ni 80 na nusu, na fundi anayesema “do ya juu ni nusu ya do” atakata hapo. Bomba lake litatoa mitetemo 1017 badala ya 1047, pungufu kwa karibu nusu ya nusutoni, na hakuna kwaya itakayoimba nalo bila kukunja uso. Ziada ya mdomo haikugawanyika pamoja na bomba. Ilibaki milimita 5 zilezile, na kwenye bomba fupi zikawa na uzito zaidi. Ni upungufu uleule uliousikia ulipoondoa kiganja mwanzoni: ulifungua ncha ya pili, nayo ikaleta ziada yake. Kadiri bomba linavyokuwa nene ndivyo kosa linavyokua, kwa hiyo mwenye mabomba ya kipenyo kikubwa asinakili namba zangu. Apige hesabu upya.

Hata namba hizo ni za kuanzia tu. Mdomo wako ukifunika sehemu ya tundu, sauti hushuka, na kila mtu hufunika kivyake. Kata kila bomba milimita 5 au 6 zaidi ya hesabu, tia kizibo kinachobana vizuri, kisha puliza huku programu ya simu ya kupimia noti ikikuonyesha mitetemo. Sauti ikiwa chini, punguza kwa msasa uliolazwa mezani, kidogo kidogo, ukipuliza kila mara. Ukipitiliza usilitupe bomba: sogeza kizibo nje kidogo. Na ikiwa kizibo hakisogei na sauti bado iko chini, dondosha ndani punje chache za mchele. Zinainua sakafu ya bomba na sauti inapanda. Msumeno wa chuma wenye meno madogo ndio unaofaa, na ukingo usafishwe kabisa, kwa kuwa mikwaruzo ya plastiki huvuruga pumzi na sauti hutoka na upepo mwingi.

Kwa filimbi ya ubavuni yenye matundu ya vidole, mimi sishauri kabisa kuanza na kanuni. Tundu la kupulizia ni dogo kuliko upana wa bomba na nusu yake imefunikwa na mdomo, hivyo ziada yake inaweza kufika sentimita kadhaa, na haikadiriki vizuri kwa karatasi. Mwache mwanzi wenyewe ukuambie. Toboa tundu la kupulizia tu, puliza, soma mitetemo. Tuseme kutoka tundu hadi ncha ni sentimita 40 na sauti ni 392. Kasi 347 ugawe kwa mara mbili ya 392 ni sentimita 44.3. Kwa hiyo mwanzi wako, kwa mdomo wako, una sentimita 4.3 zisizoonekana. Ukitaka 440, urefu wa sauti ni 39.4; toa 4.3, unabaki na 35.1. Kata 36 uishushe kwa msasa. Matundu ya vidole yaanze madogo, maana tundu likipanuliwa sauti hupanda, na hakuna njia nzuri ya kulirudisha.

Tundu moja dogo linastahili kutajwa peke yake. Ukitoboa tundu jembamba katikati ya bomba lililo wazi, yaani katikati ya urefu wa sauti na siyo wa rula, utakuwa umetoboa pale ambapo sauti ya msingi ina shinikizo kubwa kabisa. Shinikizo linavuja, sauti ya msingi inakufa, na hamoniki ya pili, ambayo hapo haina shinikizo la kupoteza, inabaki hai. Filimbi inaruka oktavo bila kukaza pumzi. Ni njia nzuri kwa watoto wasio na kifua.

Joto nalo usilipuuze. Kasi ya sauti kwenye nyuzi 20 ni mita 343, kwenye nyuzi 30 ni 349. Tofauti hiyo hupandisha filimbi kwa karibu theluthi moja ya nusutoni, inayosikika wazi kabisa ikiwa filimbi iliyowekwa sawa Arusha asubuhi ya baridi inapigwa Dar es Salaam mchana wa Februari pamoja na kinanda cha umeme ambacho hakijali joto. Mwinuko wa mahali hauhusiki. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, lakini kwa joto lilelile sauti husafiri kwa kasi ileile. Ipashe filimbi kwa pumzi dakika chache kabla ya kuipima, na andika kwenye bomba joto la siku uliyoiweka sawa.

Wanafunzi wanaojiandaa na mitihani nawaombea subira hapa, kwa sababu jaribio la bomba linalozamishwa majini lina mtego nisioona ukielezwa vya kutosha. Unashika uma wa sauti wa mitetemo 512 juu ya bomba, unainua bomba taratibu hadi sauti inavuma kwa nguvu, unapima. Kwa bomba la kipenyo cha sentimita 2.5, kwenye joto la nyuzi 27, mvumo wa kwanza utaupata karibu na sentimita 16.2. Ukizidisha kwa nne na kwa 512 utapata kama mita 332 kwa sekunde. Utafurahi, kwa kuwa kitabu kimeandika 330! Lakini 330 hiyo ni kasi ya hewa yenye baridi ya barafu, na wewe umesimama maabara yenye joto, jasho linakutoka. Jibu limefanana na la kitabu kwa bahati mbaya tu: umesahau ziada ya mdomo, nayo imekula mita 15 hivi. Endelea kuinua hadi mvumo wa pili, karibu na 50.1. Toa wa kwanza kutoka wa pili, unapata 33.9, nusu ya urefu wa wimbi. Ziada ilikuwamo katika vipimo vyote viwili, kwa hiyo kwenye kutoa imejifuta yenyewe. Mara mbili ya 33.9 mara 512 ni mita 347, kasi ya kweli ya hewa uliyokuwa unaivuta. Mtahini anayejua kazi yake atakupa alama kwa 347 yenye maelezo kuliko 332 inayofanana na kitabu.

Kwa kikundi cha vijana kisicho na fedha kuna ala ambayo bado haijaenea kwetu, ingawa vifaa vyake vimejaa kila mtaa. Visiwani Solomon hupanga mianzi mikubwa na kuipiga mdomoni kwa ndala za mpira. Bomba la maji taka la milimita 50 linafaa. Kwa mitetemo 110, sauti nzito ya kiume, mita moja na sentimita 55 zinatosha, bomba likiwa wazi pande zote. Mpigaji arudishe ndala mara moja. Akiiacha imekaa juu ya mdomo ameliziba bomba, na sauti itashuka karibu oktavo nzima.

Mambo mawili yatakuvuruga ukiyapima kwa kanuni hizi, nayo ni koni na chupa. Zumari ya pwani ina tete mdomoni, kwa hiyo kwa hoja ya klarineti ungetarajia ikose hamoniki za shufwa. Haizikosi, kwa sababu tundu lake hupanuka kuelekea chini, na bomba la umbo la koni lililozibwa kwenye ncha nyembamba huwa na hamoniki zote, kama vile liko wazi. Siwa za Lamu na Pate, ile baragumu ya shaba na ile ya pembe ya ndovu, ziko upande huohuo wa hesabu, kwa vile nazo hupanuka. Chupa ya soda haimo kabisa katika ukoo huu: hewa ya shingoni hutikisika kama kizibo kimoja juu ya hewa ya tumboni, na kinachoamua sauti ni ujazo wa tumbo pamoja na urefu na upana wa shingo. Ukitaka kuweka chupa katika do na re, weka rula pembeni, ongeza maji kidogo kidogo, upulize huku ukitazama simu.